Kutu Imeanzia Wapi? Kutafuta Chanzo cha Paipu Zinazoharibika Mapema Unguja na Pemba

Paipu ikioza, lawama ya kwanza huenda dukani: "siku hizi wanatuletea feki." Mara nyengine ni kweli. Lakini chukua paipu za mzigo mmoja, nusu uzifunge Matemwe mbele ya bahari na nusu Mwera katikati ya kisiwa. Hazitazeeka sawa, na hapo muuzaji hana kosa. Kabla hujagombana na mtu wala hujamwita fundi, tazama kutu imeanzia sehemu gani. Kutu ya mstari mmoja, kutu ya madoadoa, kutu ya kwenye kiungo na kutu inayotoka ndani hazina chanzo kimoja, wala hazina dawa moja.

Vifaa ni vichache: brashi ya waya, nyundo ndogo, tochi, sumaku, kitambaa na ndoo. Vernia ya kupimia unene ukiipata kwa fundi wa mashine, bora zaidi.

Mstari wa kutu ulionyooka, urefu mzima wa paipu

Hili ndilo lalamiko ninaloliona zaidi, khasa kwenye mageti, fremu za vibanda na vyuma vya turubai. Paipu inang'aa kote isipokuwa mstari mwembamba wa rangi ya kahawia, kama umepigwa kwa rula.

Mstari huo ni mshono. Paipu nyingi tunazonunua hazikutobolewa kutoka kwenye gogo la chuma, zimekunjwa. Kiwanda hupokea bati nene la chuma lililoviringishwa, hulikata tepe za upana unaotakiwa, kisha utepe hupitishwa kwenye safu ya magurudumu yanayoukunja kidogo kidogo mpaka kingo mbili zikutane. Umeme wa masafa ya juu huzipasha kingo hizo hadi zilainike, magurudumu mengine yanazibana, na zinashikana bila kuongezwa waya wowote wa kuchomelea. Kisu hukwangua uvimbe wa nje. Wa ndani mara nyingi huachwa, ndiyo maana ukiingiza kidole kwenye mdomo wa paipu unausikia. Hata paipu ya mraba kwa kawaida huanza duara, na magurudumu ya mwisho ndiyo yanayoipa pembe.

Sasa zinki, ile metali inayopakwa juu ya chuma kukilinda na kutu, inaingia wapi? Kuna njia mbili, na hapo ndipo bei zinapoachana. Ya kwanza, bati lenyewe lilishapakwa zinki kabla ya kukunjwa. Joto la mshono linaiunguza zinki ya pale kwenye kingo, na kiwanda kinachojali hurudishia kwa kupuliza zinki juu ya mshono. Kisichojali kinaacha hivyo hivyo, au kinapitisha rangi ya fedha tu. Ya pili, bomba linatengenezwa likiwa jeusi, likishakamilika linazamishwa zima kwenye zinki iliyoyeyuka, joto kama nyuzi 450 za Selsiasi. Hapo mshono, nje na ndani, vyote vinapata.

Unene wa zinki ndio unaotofautisha miaka. Bati la daraja la Z275, ambalo ni zuri kwa aina ya kwanza, lina mikroni 20 hivi kila upande (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na paipu nyingi za bei nafuu ni nyembamba kuliko hapo. Chuma cha milimita 3 hadi 6 kilichozamishwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 1461 kinatakiwa kuwa na wastani wa mikroni 70. Kiwango chengine, ISO 9223, kinapanga mazingira kwa ukali wake, na daraja la C5, lenye chumvi nyingi ya bahari, linakula zinki mikroni 4.2 hadi 8.4 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: mikroni 20 zinakwisha kati ya miaka miwili na nusu na mitano, mikroni 70 zinakufikisha miaka minane au zaidi. Anayejenga Kiwengwa au Jambiani, ambako kaskazi na kusi zinapuliza moja kwa moja kutoka baharini, asishangae kuona paipu ya aina ya kwanza imechoka mapema.

Kuzitambua dukani si kazi ngumu. Iliyozamishwa haina urembo: rangi yake ni kijivu kilichopooza au chenye maua maua, ina mikwaruzo na matone yaliyoganda mwishoni, na ukimulika tochi ndani unaona zinki. Ile ya bati lililopakwa kabla ni laini, inang'aa sana, na ukiigeuza juani utauona mshono una rangi yake peke yake. Wateja wengi wanachagua inayong'aa.

Ikiwa mstari umeshatokea na chuma bado kigumu, sugua kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane cheupe, osha kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, kausha siku hiyo hiyo, kisha paka rangi yenye zinki nyingi, mikono miwili. Rangi ya fedha inaficha tu, kwani ndani yake huwa ni unga wa alumini usioweza kujitoa mhanga kwa ajili ya chuma kama zinki inavyofanya. Kuosha usikuache. Chumvi ikibaki chini ya rangi, rangi itavimba kabla ya masika mawili kupita.

Unga mweupe juu ya paipu mpya

Si kutu ya chuma. Mizigo yetu huvuka bahari, paipu zimefungwa pamoja, maji yanaingia katikati na hayapati hewa ya kukaukia. Zinki mpya ikikaa majini bila hewa hutoa unga mweupe. Zitenganishe, zisugue kwa brashi ngumu ya nailoni, ziache zisimame ziinamie upande mmoja mahali penye upepo. Unga ukitoka na chini yake zinki ya kijivu bado ipo, zifunge kwa amani. Ukiona weusi au wekundu chini ya unga, hizo zirudishe.

Kutu kwenye viungo tu, paipu nzima safi

Hapa muuzaji na kiwanda wametoka kwenye kesi. Zinki inayeyuka nyuzi 420 na kuchemka nyuzi 907, wakati chuma hakiyeyuki mpaka karibu nyuzi 1,500. Kila mahali fundi alipogusa kwa moto, zinki ilishapaa. Kama hakurudishia kitu, kiungo kiko uchi.

Tazama tena umbo la kutu. Ikiwa imezunguka kiungo kwa upana wa vidole viwili, ni zinki iliyoungua: sugua, gonga uchafu wa kuchomelea utoke wote, paka rangi ya zinki. Ikiwa imeanzia kwenye vitundu vidogo katikati ya mshono wa fundi, basi zinki haikusuguliwa kabla ya kuchomelea, mvuke wake ukanaswa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Kiungo hicho kina mapovu. Kwenye dirisha kivumilie, kwenye ngazi kikate ukichomelee upya.

Fundi naye ajihadhari. Ule moshi mweupe wa zinki ukivutwa kwa wingi huleta homa, baridi, mwili kuuma na ladha ya chuma mdomoni, saa chache baada ya kazi, na kwa kawaida hupita ndani ya siku moja au mbili. Maziwa, ambayo kila karakana inayaamini, hayazuii kitu. Sugua zinki kwanza, fanya kazi nje, upepo ukutoke ubavuni.

Nje nzuri, ndani imekwisha

Nguzo ya geti inaonekana nzima, mtoto anaigonga kwa mpira inavunjika chini. Gonga kwa nyundo ndogo kuanzia juu kuteremka. Chuma kizima kinalia. Ukifika mahali sauti inapokufa, hapo ukuta umebaki ganda.

Paipu iliyozibwa kwa mfuniko wa plastiki au iliyotobolewa kwa ajili ya skrubu inaingiza maji ya mvua, lakini haina pa kuyatolea. Yanakaa kitako. Paipu ya aina ya bati, ambayo mshono wake wa ndani hauna kitu, inaoza kutoka huko. Dawa yake ni ya bei rahisi: toboa tundu la milimita 8 sehemu ya chini kabisa, juu kidogo ya zege, na funga juu kwa kuchomelea bati, si kwa plastiki.

Kutu ikiwa imeanzia pale pale nguzo inapoingia ardhini, angalia zege. Kama limechanganywa na mchanga wa pwani usiooshwa, chumvi iko ndani na itakula kila utakachosimamisha humo. Kama zege ni safi lakini limekatwa sawasawa na ardhi, maji yanasimama kwenye ufa kati ya zege na chuma. Nyanyua zege kidogo liwe na mteremko, na nguzo uipake rangi ya lami kutoka chini ya zege hadi shubiri moja juu yake.

Stenlesi iliyogeuka rangi ya chai

Hoteli zetu za pwani zimejaa vyuma hivi: ngazi za bwawa, kingo za baraza, mabomba ya kuogea ufukweni. Mwenye mali anaambiwa stenlesi haishiki kutu, baada ya mwaka mmoja anaona madoa ya kahawia, anaamini ameibiwa. Inawezekana ameibiwa, lakini kuna mambo manne ya kuangalia kabla ya hapo.

Kwanza, daraja. Stenlesi ya kawaida, 304, ina kromi asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8. Ile ya 316 imeongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hiyo molibdeni ndiyo inayoistahimilia chumvi. Kwa nyumba ya ndani ndani, 304 inatosha. Kwa mbele ya bahari ninaiona ni pesa ya kupoteza. Kuna pia madaraja ya 200, yaliyopunguzwa nikeli na kujazwa manganisi, ambayo yanang'aa vile vile na huanza kutoa madoa mapema zaidi. Sumaku haitakusaidia kuyatenga haya, kwa kuwa yote matatu kwa kawaida hayavutwi, na 304 nzuri iliyokunjwa ikiwa baridi inaweza kuvutwa kidogo. Sumaku ikinasa kwa nguvu paipu nzima, hapo ni daraja jengine kabisa. Njia ya uhakika ni cheti cha kiwanda kinacholingana na namba iliyopigwa kwenye paipu, au kipimo cha mashine.

Pili, madoa yako wapi? Ikiwa upande ulio chini ya makuti ndio uliochafuka na upande unaonyeshewa na mvua ni safi, tatizo ni chumvi isiyooshwa. Mvua inafanya kazi ya bure ambayo watu hawaioni. Osha kwa maji baridi na sabuni laini kila wiki sehemu zilizojificha, ukaushe.

Tatu, madoa ni nukta nukta zilizotapakaa kama zimerushwa? Zimerushwa kweli. Mtu alikata chuma cha kawaida kwa grenda karibu, cheche zikaganda juu ya stenlesi, na zinazooza ni cheche hizo. Au fundi ametumia diski na brashi ile ile aliyotumia kwenye geti la chuma. Stenlesi iwe na diski zake na brashi yake ya waya wa stenlesi.

Nne, kutu imekaa kandokando ya viungo, kwenye ule upinde wa buluu na manjano ulioachwa na moto? Rangi hiyo inaonyesha ngozi ya kromi imeharibika. Haitoshi kuing'arisha kwa kitambaa. Inaondolewa kwa dawa ya asidi ya kusafishia viungo vya stenlesi, kwa glavu na miwani, kisha maji mengi. Ni kazi ambayo mafundi wengi wanairuka kwa kuwa mteja haiulizii.

Kwa madoa mepesi, asidi ya sitriki iliyochanganywa na maji inatosha. Usitumie waya wa kusugulia masufuria, wala dawa ya kufulia yenye klorini. Waya unaacha chembe za chuma, klorini inachimba vishimo. Ukishaona vishimo vyenyewe, kusafisha hakutarudisha kitu.

Bomba la maji: wekundu, maji kupungua, kuvuja kwenye nyuzi

Maji mekundu asubuhi kisha yanasafika baada ya dakika chache: bomba la ndani ya nyumba yako limepoteza zinki, na maji yaliyolala humo usiku yameokota kutu. Yakiwa mekundu saa zote, chota moja kwa moja kwenye tangi. Tangi likiwa safi, tatizo liko kati ya tangi na mfereji. Tangi likiwa jekundu, rudi nyuma kwenye kisima au bomba la mtaa.

Maji kupungua kuna sura mbili. Sehemu nyingi za visiwa vyetu zimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji yanayopita kwenye mwamba huo yana chokaa nyingi. Chokaa na kutu hujijenga ndani ya bomba. Bomba la nusu inchi lenye uwazi wa milimita 16 likijijenga milimita 3 kila upande linabaki na milimita 10, yaani uwazi wake umebaki asilimia 39. Fungua mfereji mmoja, jaza ndoo ukihesabu muda, kisha fungua wa pili kwa pamoja. Wa kwanza ukianguka vibaya sana na tangi liko juu ya kutosha, bomba limeziba. Kama mifereji yote ni dhaifu tangu siku ya kwanza, pima urefu wa tangi: kila mita moja ya kimo inakupa shinikizo la bar 0.1 tu, kwa hiyo tangi lililo mita mbili juu ya bafu halitakupa maji ya nguvu hata ukiweka bomba la dhahabu. Bomba lililojaa chokaa halizibuki kwa kugongwa. Badilisha, na kwa maji ya chumvichumvi ya visima vya karibu na pwani, badilisha kwa plastiki.

Kuvuja kwenye nyuzi, ile mizunguko iliyochongwa kwenye ncha ya bomba ili liingie kwenye soketi, ni hesabu ya unene. Nyuzi za nusu inchi zina kina cha milimita 1.16 hivi. Bomba la uzito wa kati, lile la mkanda wa buluu kwa kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 1387, lina ukuta wa milimita 2.6, hivyo chini ya nyuzi panabaki milimita 1.4. Bomba jepesi la milimita 2 linabakiwa na 0.8, tena bila zinki kwa kuwa dai, kifaa cha kukatia nyuzi, imeikata yote. Kutu ya hapo haihitaji muda mrefu. Funga kwa katani na pasta, na nyuzi zilizobaki nje ya soketi uzipake rangi ya zinki. Bomba jepesi usilikate nyuzi kabisa.

Ikiwa kinachovuja ni bomba la zinki lililounganishwa na koki ya shaba, na maji yako yana chumvi, hizo ni metali mbili zinazolana, na anayeliwa ni zinki, kisha chuma. Weka kipande cha plastiki katikati. Mabomba ya shaba nyekundu yakiwa kwenye mfumo, yawe mwishoni. Maji yakipita shaba kwanza yanabeba chembe zake na kwenda kuzipanda ndani ya bomba la zinki, na kila chembe inafungua tundu.

Inabonyea, inapasuka ikikunjwa, inatoboka fundi akiigusa kwa moto

Geji, yaani unene wa ukuta wa paipu, ni ndogo. Paipu nyingi huandikwa unene mmoja na kuwa na mwengine. Njia ya kuwakamata wanaoziuza ni mizani. Paipu ya mraba ya 40 kwa 40 yenye ukuta wa milimita 2, urefu wa mita 6, ina uzito wa karibu kilo 14. Ikiwa ni milimita 1.2, inakuwa kilo 8 na ushei. Kwa paipu ya duara: toa unene kwenye kipenyo cha nje, zidisha jibu kwa unene, kisha kwa 0.02466, unapata kilo kwa mita. Ya milimita 48.3 yenye ukuta wa 3.2 inatoka kilo 3.56 kwa mita, au zaidi ya 21 kwa paipu nzima. Ukiipima ikawa 14, umeuziwa milimita 2.

Kama unene ni sahihi na bado inapasuka kwenye kona, fundi ameukalisha mshono upande wa nje wa mkunjo, unaovutwa zaidi. Mshono ukae ubavuni. Anayejaza mchanga ili paipu isibonyee ahakikishe ni mkavu kabisa, maana unyevu uliozibwa ndani ukipashwa moto hugeuka mvuke na kulipua kizibo. Na usiwe wa ufukweni, kwa sababu ile ile ya zege.

Mabomba ya mvuke na ya shinikizo kubwa hayamo kwenye mwongozo huu. Mengi ya hayo hayana mshono. Ndugu wawili wa Kijerumani, Reinhard na Max Mannesmann, walipata miaka ya 1880 njia ya kulitoboa gogo la chuma chenye moto kwa kulizungusha kati ya magurudumu, na mpaka leo mabomba ya namna hiyo hununuliwa kwa vyeti, si kwa macho.

Lini ukarabati, lini ukate

Nyundo ikiacha shimo au bisibisi ikipenya, usipake rangi. Kata mpaka ufike chuma kinacholia, ongeza shubiri moja, chomelea kipande kipya cha aina ile ile.

Mnara wa tangi na ukingo wa roshani nisingeviwekea kiraka hata mara moja. Lita 1,000 za maji ni tani nzima, na miguu ya mnara huoza chini kwanza, pale majani yanapoificha. Mguu mmoja ukikutwa umeoza, mwaga tangi lote kabla mtu hajapanda wala grenda haijawashwa, kisha gonga mitatu iliyobaki.